Vitamini zinazotoka kwenye kuvu na hamira: mambo ya kujua kuhusu vidonge, unga wa lishe na chakula cha nyumbani

Mama mjamzito akimeza kidonge cha vitamini mchanganyiko asubuhi, mchana akienda haja ndogo huona mkojo wa njano kali, unaong'aa kana kwamba mtu ametia rangi. Wapo wanaoogopa na kuacha vidonge siku hiyo hiyo. Swali hili hurudi kwenye mikutano ya jamii na kwenye foleni za kliniki, na mara nyingi hufuatwa na jingine: unga wa uji wa lishe una nini ndani yake hadi uwe na harufu ile? Ni dawa? Ni kemikali? Au ni dawa ya kupanga uzazi iliyofichwa?

Tuanze na mkojo. Rangi ile ni ya vitamini B2, ambayo jina lake jingine ni riboflavini. Kwa asili yake ni ya njano. Mwili huchukua kiasi unachohitaji, na kinachozidi hutoka na mkojo. Haiunguzi figo wala haigusi kizazi. Vidonge vya vitamini na unga wa lishe havina dawa ya uzazi ndani yake. Mama anayeacha vidonge kwa sababu ya rangi hiyo anajinyima yeye na mtoto aliye tumboni.

Lakini swali la pili ni zuri zaidi, na linastahili jibu refu. Vitamini hiyo ilitoka wapi kabla ya kuingia kwenye kidonge? Wengi hufikiri ilichanganywa kutoka kwenye madebe ya kemikali. Kwa baadhi ya vitamini ni kweli. Kwa B2 siyo: sehemu kubwa ya riboflavini inayouzwa duniani leo hutengenezwa na viumbe hai vidogo sana, yaani kuvu na bakteria, wanaofugwa kwenye matangi kama sisi tunavyofuga kuku.

Ugonjwa wa pamba uliopewa kazi

Kuvu inayojulikana zaidi kwa kazi hii inaitwa Ashbya gossypii. Ilielezwa kisayansi mwaka 1926 kama ugonjwa wa pamba. Kuna wadudu wanaofyonza mbegu changa ndani ya tumba la pamba. Mashamba ya Afrika Mashariki yanao pia, wale wekundu wenye mistari myeusi. Mdudu akichoma tumba huacha humo kuvu hii, na nyuzi za pamba hupata madoa na kuoza. Kwa mkulima hiyo ni hasara tupu.

Kilichowavutia watafiti ni rangi. Kuvu hii ikikua huwa ya njano, kwa sababu inatengeneza riboflavini nyingi kuliko inavyohitaji yenyewe. Wapo wanaoona kwamba huitumia kukinga mbegu zake dhidi ya miale ya jua. Vyovyote iwavyo, kiumbe kinachotengeneza vitamini nyingi kuliko mahitaji yake ni sawa na ng'ombe mwenye maziwa yanayobaki baada ya ndama kushiba. Unachagua wale wenye maziwa mengi, unawazalisha, unawalisha vizuri, na mwaka hadi mwaka unapata zaidi.

Ndivyo ilivyofanyika. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kutengeneza riboflavini kwa kuvu hii mwaka 1990, huku ikiendelea na njia yake ya zamani ya kemia. Mwaka 1996 ikaacha njia ya kemia. Sababu haikuwa mapenzi ya mazingira peke yake. Njia ya kemia ilikuwa na hatua kadhaa, na kila hatua ilikuwa na gharama na uchafu wake. Kuvu hufanya kazi yote ndani ya tangi moja.

Anayejua kupika bushera au malwa anaweza kuelewa kiwanda hicho bila shida. Kuna tangi kubwa la chuma cha pua. Ndani yake kuna maji na chakula cha kuvu, na kwa Ashbya chakula kinachopendwa ni mafuta ya mimea kama ya soya. Hewa safi hupulizwa kutoka chini, joto hushikiliwa karibu nyuzi 28, na baada ya siku chache mchanganyiko mzima umekuwa wa njano. Tofauti kubwa na chungu cha nyumbani ni usafi. Kwenye chungu cha bushera wanaishi vijidudu wa aina nyingi, na kila nyumba ina ladha yake. Kwenye tangi la kiwanda anaruhusiwa mmoja tu. Akiingia mgeni, tangi lote humwagwa.

Kazi ikiisha, kuvu huuawa kwa joto, chembe za njano hutenganishwa nayo, husafishwa na kukaushwa. Kinachotoka ni unga wa rangi ya manjano inayoelekea chungwa.

Sasa angalia hesabu. Aina za kuvu zilizoboreshwa hutoa zaidi ya gramu 10 za riboflavini kwa kila lita ya mchanganyiko. Mwanamke mzima anahitaji miligramu 1.1 kwa siku (akiwa mjamzito au ananyonyesha huhitaji zaidi kidogo). Chukua jerikeni moja la lita 20, lile lile tunalobebea maji. Likijaa mchanganyiko huo lina gramu 200 za riboflavini, kiasi cha kutosha wanawake 180,000 kwa siku moja. Hata ukitoa kinachopotea wakati wa kusafisha, bado ni ajabu. Hii ndiyo sababu vitamini inaweza kuongezwa kwenye unga kwa gharama ndogo sana, na ndiyo sababu huwezi kuiona kwa macho unapofungua mfuko: iko kidogo mno.

Siyo vitamini zote zinazopitia njia hii, na ni vizuri kusema ukweli huo. Vitamini A inayotiwa kwenye mafuta ya kupikia kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa kemia. Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria, si kuvu wala hamira. Vitamini D2 hutokana na hamira iliyomulikwa kwa miale ya aina ile ile inayopatikana kwenye jua. Na kuna kuvu nyingine, Blakeslea trispora, inayotengeneza betakarotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Hamira kabla ya viwanda

Zamani kabla mtu yeyote hajajua riboflavini ni nini, hamira ilikuwa imeshaokoa maisha ya watu. Hamira, ambayo ndugu wengi kutoka Kongo huiita levire, ni kuvu pia, ila ni ya chembe moja moja. Ndani ya kila chembe kuna vitamini B za aina nyingi: B1, B2, niasini, foleti. Haina B12 ya kwake.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, majimbo ya kusini mwa Marekani yalikuwa na ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi ilibabuka pale jua linapopiga, tumbo likaharisha, akili ikavurugika, na wengi wakafa. Waliougua walikuwa maskini: wakulima wa kupanga ardhi, vibarua wa viwanda vya nguo, yatima, wafungwa. Chakula chao kilikuwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na molasi, mwaka mzima. Madaktari wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza, na majirani wakawaogopa wagonjwa.

Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger achunguze. Aliona jambo ambalo wengine walilipita: kwenye vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili watoto na wagonjwa waliugua, lakini wauguzi na walinzi waliokaa nao kila siku hawakuugua. Ugonjwa gani wa kuambukiza unaochagua hivyo? Tofauti ilikuwa kwenye sahani. Ili kuwanyamazisha waliobisha, yeye na wenzake walijichoma sindano za damu ya wagonjwa, na hata kumeza uchafu uliotoka miilini mwao. Hakuna aliyepata pelagra.

Baadaye yeye na wenzake waligundua kwamba hamira kavu ya kutengenezea bia inazuia na kuponya ugonjwa huo, tena kwa bei ndogo. Mwaka 1927 mto Mississippi ulivunja kingo zake na mamia ya maelfu ya watu wakahama makazi yao, wengi wakiishi kwenye kambi za mahema. Chakula cha msaada kilijaza tumbo tu, na pelagra ikaongezeka. Kwa ushauri wa Goldberger, shirika la Msalaba Mwekundu liligawa hamira kavu kwa wenye shida. Goldberger alikufa mwaka 1929. Niasini, ile vitamini ambayo upungufu wake ndio pelagra, ilikuja kutambuliwa mwaka 1937 na Conrad Elvehjem. Watu walipona miaka kumi kabla ya dawa yao kupata jina.

Katika miaka hiyo hiyo, daktari Mwingereza aitwaye Lucy Wills alikuwa Bombay, India, akiwahudumia wanawake wajawazito waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Alijaribu kuwapa Marmite, ile pasta nyeusi yenye chumvi inayotengenezwa kwa mabaki ya hamira ya bia, na damu ikarudi. Kilichokuwa ndani yake kilijulikana baadaye kuwa foleti. Mama anayepokea kidonge cha madini ya chuma na foliki asidi kwenye kliniki ya wajawazito leo anapokea tunda la kazi ile.

Malawi, 1990

Kwa msomaji anayeishi kwenye makazi ya wakimbizi, historia ya Marekani inaweza kuonekana ya mbali. Hii ya pili si ya mbali.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mamia ya maelfu ya watu wa Msumbiji walikuwa wamekimbilia Malawi kwa sababu ya vita. Mgao wao ulikuwa mahindi, maharage, mafuta, na karanga. Karanga ndizo zilizokuwa chanzo kikuu cha niasini. Ugavi wa karanga ulipokatika, mahindi yaliendelea kufika. Watu hawakufa njaa, magunia yalikuwepo. Lakini mwaka 1990 peke yake zaidi ya wagonjwa 17,000 wa pelagra waliandikwa kwenye makambi hayo, na wanawake waliathirika kuliko wanaume. Kaya zilizokuwa na bustani au njia ya kupata karanga ziliumia kidogo.

Kwa nini mahindi? Mahindi yana niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo letu haliwezi kuifungua, na protini ya mahindi ina upungufu wa kile ambacho mwili ungeweza kukigeuza kuwa niasini. Watu wa Mexico, ambao ndio waliotupa mahindi, huchemsha punje kwenye maji ya chokaa kabla ya kusaga, na niasini hufunguka. Mahindi yalisafiri hadi kwetu, ujuzi wa chokaa haukusafiri nayo. (Usichanganye chokaa hiyo na magadi ya kulainisha maharage. Magadi huharakisha kupika, lakini huharibu vitamini B1. Kuloweka maharage usiku kucha ni bora.)

Pesa ikija badala ya unga

Jambo hili lina uzito wake sasa. Kwenye makazi mengi, kaya zimehamishwa kutoka mgao wa chakula kwenda mgao wa pesa, na viwango vimepunguzwa. Pesa ina faida yake: unachagua mwenyewe, unanunua unachokula. Lakini mgao wa zamani ulikuja na vitu ambavyo hukuvichagua na vilikuwa na kazi: mafuta yenye vitamini A, unga wenye madini, na kwa akina mama na watoto unga wa mahindi na soya uliotiwa vitamini. Ukipokea pesa, vitamini hizo haziji zenyewe. Ni lazima uzinunue au uzilime.

Na pesa ikiwa ndogo, kitu cha kwanza kununuliwa ni posho, kwa sababu inashibisha. Hakuna wa kumlaumu mzazi kwa hilo. Ila posho peke yake, miezi mitatu, minne, bila maharage, bila karanga, bila mboga, bila mukene, ndiyo sahani ile ile ya Marekani na ya Malawi. Ukiwa na shilingi chache za kuongeza juu ya posho, maoni yetu ni kwamba karanga na mukene (wengine husema dagaa au ndakala) zinalipa kuliko karibu kila kitu kingine sokoni. Gramu 100 za karanga zina takriban miligramu 12 za niasini, na mwanamke anahitaji 14 kwa siku. Kiganja kimoja kwa kila mtu, kikisagwa na kutiwa kwenye dodo au sombe, kinabadilisha mlo. Mukene huleta B12, ambayo hakuna hamira wala mboga itakayokupa.

Unapolinganisha unga dukani, tazama kama mfuko una alama ya serikali ya unga ulioongezwa virutubisho. Uganda inayo alama hiyo, Kenya inayo, Tanzania inayo. Tatizo ni kwamba mashine ndogo za kusaga zilizo karibu nasi mara nyingi haziongezi kitu, na unga mweupe uliokobolewa ndio uliopoteza vitamini nyingi. Dona ni bora kuliko sembe, hata kama watoto wanalalamika siku mbili za kwanza.

Kama mtoto wako au wewe mama mnapokea unga wa lishe kliniki, tafadhali usiubadilishe kwa sabuni au mkaa kabla hujafikiria kilicho ndani yake. Tunajua kwa nini watu hufanya hivyo. Sabuni nayo ni lazima. Lakini unga huo ukipelekwa kwa nguruwe wa jirani, nguruwe ndiye anayepata riboflavini. Uhifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua, kwa sababu mwanga huharibu B2. Usiuchemshe muda mrefu: umeshapikwa nusu kiwandani, na dakika 5 hadi 10 baada ya kuanza kuchemka zinatosha.

Je, tunaweza kuitengeneza nyumbani?

Vidonge, hapana. Kusafisha vitamini kunahitaji kiwanda. Lakini kuvu na hamira zinaweza kufanya kazi jikoni kwako kwa njia nyingine, na njia hizo bibi zetu walizijua.

Uji uliochachushwa ndio wa kwanza. Bushera ya Ankole na Kigezi, togwa ya Tanzania, uji mchachu wa Kenya: majina ni mengi, kazi ni moja. Nafaka ikioteshwa kidogo kuwa kimea, B2 na foleti huongezeka. Ikichachuka, bakteria na hamira za asili hupunguza kile kinachoshikilia madini ya chuma na zinki kwenye nafaka, na mwili unayapata. Kwa uji wa mtoto aliyefikisha miezi sita, namna salama ni hii: changanya unga wa ulezi au mtama na maji safi jioni, funika, acha uchachuke hadi kesho yake, kisha pika vizuri. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji uji wa aina yoyote, ananyonya tu.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kununua hamira ya mandazi na kuikoroga kwenye maji wakanywa. Usifanye hivyo. Hamira hai haitoi B1 yake kwa urahisi tumboni, na inaweza hata kuchukua iliyokuwemo kwenye chakula chako. Hamira iliyosaidia watu mwaka 1927 ilikuwa imekaushwa na kufa. Kwenye mkate au mandazi yaliyoiva hakuna shida, joto limeshaiua.

Na pombe? Swali hili huulizwa kwa kicheko, lakini lina jibu la kweli. Pombe nzito ya kienyeji isiyochujwa hubaki na hamira ndani yake, kwa hiyo ina vitamini B kiasi. Waragi na lotoko hazina hata moja. Ukikereka pombe, kinachopanda na mvuke ni kileo, vitamini hubaki chini kwenye pipa. Na kileo chenyewe huzuia mwili kuchukua B1, ndiyo maana walevi wa muda mrefu hupatwa na ganzi ya miguu na kuchanganyikiwa. Anayekunywa ili apate vitamini anajidanganya. Karanga ni nafuu kuliko chupa.

Uyoga unastahili nafasi zaidi, kwa sababu vikundi vingi vya akina mama na vijana kwenye makazi vinaulima sasa kwenye mifuko, ule mweupe au wa kijivu unaotandaza kama sikio. Hauhitaji shamba, na kwa kaya yenye kiwanja kidogo hilo ni jambo kubwa. Unaota kwenye maganda ya mbegu za pamba, mabua ya mahindi, maganda ya maharage, mradi yamechemshwa kwanza ili kuua kuvu nyingine. Gramu 100 za uyoga huo mbichi zina karibu miligramu 5 za niasini, yaani theluthi moja ya mahitaji ya siku, na B2 karibu miligramu 0.35. Hauwezi kuchukua nafasi ya maharage, lakini juu ya posho ni mboga yenye kazi.

Kuna jambo moja ambalo hata wakulima wazoefu hawalijui. Uyoga una kitu kinachofanana na kile kilicho kwenye hamira, ambacho miale ya jua hukigeuza kuwa vitamini D. Ukikata vipande na kuvitandaza juani saa moja hivi katikati ya mchana, upande wa chini wenye mikunjo ukitazama juu, vitamini D huongezeka sana. Lakini jua hilo hilo huharibu B2. Kwa hiyo saa moja juani, kisha maliza kukausha kivulini penye upepo. Watu wengi wanaofanya kazi nje hapa kwetu hupata vitamini D ya kutosha kupitia ngozi. Itawafaa zaidi wagonjwa wasiotoka ndani, wazee, na wanawake wanaojifunika mwili wote.

Uyoga wa porini ni habari nyingine. Aliyezoea kuokota uyoga Katanga au Kivu anaweza kuona hapa unaofanana kabisa na wa kwao na ukawa si ule. Sumu ya aina mbaya zaidi haiondoki kwa kupika. Kama mwenyeji wa hapa anayeujua hajauthibitisha, uache.

Kuvu ya ghalani si chakula

Baada ya kusifu kuvu kurasa nzima, hili ni lazima lisemwe kwa nguvu. Ukungu wa kijani au manjano unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunda si ndugu wa kuvu ya kiwandani kwa maana yoyote itakayokusaidia. Hutoa sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyopata sumu hiyo, na 125 wakafa. Kuosha hakuiondoi, kupika hakuimalizi, na kusaga huificha tu.

Anika mahindi kwenye turubai, si ardhini. Usihifadhi hadi punje iwe ngumu kabisa kwa jino. Chambua karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu, na usizisage kuwa siagi ya watoto. Zilizochambuliwa zisirudi sokoni kwa bei rahisi, maana atakayezinunua ni jirani yako.

Maswali mawili ya imani na hofu

Waislamu kadhaa wameuliza kama vitamini iliyotoka kwenye tangi la kuchachusha ina kileo. Ashbya haitengenezi riboflavini kwa njia ya pombe. Hupewa hewa nyingi na mafuta, na mwisho wake ni chembe kavu zilizosafishwa. Kuhusu uhalali wa kidonge chenyewe na ganda lake, kiongozi wako wa dini ndiye wa kuulizwa.

Wengine wameuliza kama kuvu hizi zimebadilishwa vinasaba. Baadhi ndiyo, zimeboreshwa maabara ili zitoe zaidi. Kinachofika kwenye unga si kuvu hai bali riboflavini iliyotenganishwa nayo, na ni ile ile iliyo kwenye maziwa, mayai na maini.

Lini uende kituo cha afya

Nenda, au mpeleke mwenzako, ukiona ngozi inakuwa nyeusi, ngumu na kubabuka pande zote mbili za mwili pale jua linapopiga: mikono, miguu, na kuzunguka shingo kama mkufu. Kama kuna kuharisha pamoja nayo, au kuchanganyikiwa, usisubiri siku ya kliniki. Pelagra hutibiwa kwa vidonge vya bei ndogo, na mgonjwa huanza kupata nafuu ndani ya siku chache. Haiambukizi, mgonjwa asitengwe.

Nyufa kwenye pembe za mdomo na ulimi mwekundu unaouma mara nyingi ni dalili ya upungufu wa B2 au wenzake. Mwonyeshe mhudumu wa afya wa kijiji chako. Kama kwenye zoni yako watu watatu au wanne wameanza kuonyesha dalili zinazofanana, mwambie mhudumu huyo au mwenyekiti wa zoni siku hiyo hiyo, kwa sababu upungufu wa aina hii huanza kwenye kaya chache kabla haujaonekana kwenye takwimu za mtu yeyote.